Edward Jenner na Kinda wa Kekeo

Bila shaka umewahi kuona kiota cha ndege. Kwanza dume huimba ili apate jike. Kisha kiota hujengwa, mayai hutagwa na kuatamiwa, na makinda wakianguliwa hulishwa na wazazi wao.

Kekeo wa Ulaya hafanyi hivyo. Hutaga yai lake katika kiota cha ndege mwingine, akaenda zake. Baada ya siku chache, makinda wa mwenye kiota hutoweka, akabaki kinda wa kekeo peke yake. Je, unadhani ni nani huwatoa?

Swali hili lilijibiwa na Edward Jenner. Alizaliwa mwaka 1749 katika mji mdogo wa Berkeley, nchini Uingereza. Alijifunza udaktari London, kisha akarudi kwao kutibu wagonjwa. Alipopata nafasi, alichunguza viota. Mwanzoni aliamini kuwa ndege wazima ndio huwatupa makinda, naye akaandika hivyo katika makala aliyoipeleka kwa chama cha wanasayansi.

Tarehe 18 Juni 1787, Jenner aliona kiota chenye yai moja la kekeo na mayai matatu ya mwenye kiota. Kesho yake alikuta kinda mmoja wa kekeo na kinda mmoja wa mwenye kiota. Kinda wa kekeo, ambaye hata macho yalikuwa hayajafumbuka, alijiingiza chini ya mwenzake, akambeba mgongoni, akapanda kinyumenyume hadi ukingoni, akamtupa nje! Jenner aligundua kuwa kinda huyo ana kishimo mgongoni cha kushikia mzigo wake. Kishimo hicho hujaa afikishapo siku 12 hivi.

Jenner hakuona haya kukiri kosa lake. Aliirudisha makala, akaisahihisha, ikachapishwa mwaka 1788. Wako waliokataa kumwamini, lakini picha zilizopigwa katika karne ya 20 zilithibitisha maneno yake.

Kwa uangalifu huohuo, mwaka 1796 Jenner alionyesha kuwa chanjo huzuia ndui. Alifariki mwaka 1823. Mwaka 1980 ilitangazwa kuwa ugonjwa huo umekwisha duniani.

Kazi ya kufanya: Tafuta kiota karibu na kwenu. Kiangalie kwa mbali kila siku, bila kukigusa. Andika yale tu uliyoyaona kwa macho yako. Ukigundua umekosea, sahihisha.