Jay Miner: Mzee wa chipu aliyepigania RAM ya Amiga

Umewahi kununua laptopu ya mtumba, muuzaji akakuapia ina RAM ya gigabaiti 8, ukafika keja ukaangalia ukakuta zinazotumika ni pungufu? Usimtukane bado. Mara nyingi hajakuibia. Kipande kimechukuliwa na grafiki, manake kwenye mashine za bei ya chini prosesa na kile kifaa kinachochora picha hula sahani moja. Vita hivyo vya nani ale kwanza ni vizee kuliko wewe, na kuna msee aliyevipigana hadi akaweka nyumba yake rehani. Anaitwa Jay Miner.

Alizaliwa Mei 31, 1932, Prescott, Arizona, Marekani. Alitumikia kikosi cha walinzi wa pwani, kisha akasomea uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akahitimu 1958. Tuiruke miaka kadhaa hapo. Unayemtaka wewe ni Miner wa Atari, kwa sababu kama baba au mjomba wako aliwahi kucheza ile gemu ya kuchomeka kwenye TV, Atari ya 1977, alicheza kwa chipu ya huyu jamaa. Unajua ilikuwa na RAM ngapi? Baiti 128. Si kilobaiti, baiti. Meseji moja ya simu inaijaza. Memori haikutosha kuhifadhi picha nzima, basi chipu ikawa inachora skrini mstari kwa mstari huku programu ikiikimbiza. Mtu aliyepitia shule ya aina hiyo hawezi kuichukulia RAM kama kitu cha mchezo.

Baadaye akaongoza kazi ya chipu za kompyuta za Atari 400 na 800, zilizotoka 1979. Halafu akawaambia wakubwa anataka kuunda mashine mpya kabisa yenye prosesa ya Motorola 68000. Wakakataa. Pesa ilikuwa inaingia, nani angehangaika? Miner akabeba vitu vyake akaondoka, akaenda kuunda chipu za vifaa vya kusukuma mapigo ya moyo vinavyowekwa ndani ya mwili wa mgonjwa. Kumbuka hilo, manake yeye mwenyewe alikuwa na figo mbovu zilizomsumbua karibu maisha yake yote.

Mwaka wa 1982 mwenzake wa zamani wa Atari akampigia simu. Kulikuwa na watu wenye doo, wakiwemo madaktari wa meno, waliotaka kampuni ya gemu. Miner akaona mwanya wake. Kampuni ikaja kuitwa Amiga, na ili wasichunguzwe sana wakawa wanauza vifaa vya kuchezea gemu huku mambo yenyewe yakipikwa nyuma ya mlango. Mbwa wake, Mitchy, alikuwa anakuja naye kazini kila siku.

Sasa hebu tuingie jikoni, hapa ndipo pana utamu. Kompyuta nyingi za enzi hizo zilimbebesha prosesa kila kitu: hesabu, picha, sauti. Miner akampa wasaidizi watatu, chipu zilizobatizwa Agnus, Denise na Paula. Denise alitoa rangi, Paula sauti na diski. Agnus ndiye alikuwa trafiki wa memori, na ndani yake mlikuwa na blita, kifaa cha kuhamisha vipande vya picha kutoka hapa hadi pale bila prosesa kuguswa. Macintosh ya 1984 ilikuwa nyeusi na nyeupe. PC ya IBM yenye kadi ya kawaida ya rangi ilichora picha kwa rangi 4. Amiga ilitoa 32 kirahisi, na kwa ujanja mmoja ikaweza kuonyesha zote 4,096 kwa pamoja. Cha kuchekesha, ujanja huo Miner mwenyewe alitaka kuufuta. Ulibaki kwa kuwa kuutoa kungeacha shimo kwenye mchoro wa chipu, na muda wa kuchora upya haukuwepo.

Januari 1984 walipeleka mashine Las Vegas kabla hata chipu hazijatengenezwa. Badala yake kulikuwa na rundo la bodi zilizounganishwa nyaya kwa mkono. Kwenye skrini ukadunda mpira wa miraba myekundu na myeupe, laini kabisa, watu wakawa wanatafuta kompyuta kubwa iliyofichwa chini ya meza. Lakini pesa zilikuwa zimeisha. Miner aliongeza deni juu ya nyumba yake ili wenzake walipwe. Atari wakawakopesha dola 500,000 kwa masharti ya kukaba shingo, na Commodore ndiyo iliyowatoa hapo kwa kuinunua kampuni mwaka huo huo.

Mwokozi naye alikuwa bahili. Commodore walitaka mashine iuzwe na RAM ya kilobaiti 256, wahandisi wakasema 512 ndiyo saizi. Wakakutana katikati: 256 ndani, na mlango mbele ya mashine wa kuchomeka 256 nyingine. Ilizinduliwa New York Julai 23, 1985, Andy Warhol akiwa jukwaani akimchora Debbie Harry kwayo. Bei dola 1,295, bila skrini. Ukiiwasha na zile 256 tu, mfumo wenyewe ulikula nyingi na kukuachia makombo, kwa hivyo yule aliyeitaka kwa kazi ya maana alirudi dukani.

Na si kila RAM uliyoongeza ilikuwa sawa. Fikiria barabara moja ambayo matatu na malori hupishana kwa zamu: zamu hii chipu, zamu ile prosesa. Kwa picha za rangi chache hakuna aliyechelewa. Ukiongeza rangi, chipu zinakula zamu za prosesa naye anabaki kwenye jam. Dawa ilikuwa RAM ya ubavuni, kwenye barabara ambayo prosesa anapita peke yake. Lakini chipu za picha hazikuiona hiyo, basi ukiwa na megabaiti kadhaa huko bado ungeambiwa nafasi ya picha imeisha. Noma zaidi ilikuwa ile kadi ya kilobaiti 512 ya chini ya Amiga 500: chipu hazikuiona, na bado prosesa alisubiri zamu. Hata Amiga 1200 ya 1992 ilitoka bila RAM ya pembeni, ilhali kuiongeza tu kuliipa kasi karibu maradufu.

Miner alikuwa ameshaondoka, amerudi kwenye vifaa vya moyo. Dada yake alimpa figo moja. Commodore ilifilisika Aprili 29, 1994, naye akafariki Juni 20, akiwa na miaka 62. Ukipata Amiga 1000, fungua kifuniko utazame kwa ndani. Sahihi za wote waliounda ile mashine zimechapwa pale, na kati yao kuna alama ya unyayo wa Mitchy.