Mendeleev: Mwalimu Aliyepima Spiriti

Ukimtaja Mendeleev, kila mtu anakumbuka lile jedwali la elementi lililobandikwa ukutani maabara. Wachache wanajua kwamba tasnifu yake ya udaktari, mwaka 1865, ilihusu kitu cha kawaida kabisa: alkoholi iliyochanganywa na maji.

Alizaliwa mwaka 1834 Tobolsk, huko Siberia, kitinda mimba wa familia kubwa. Baba yake, mwalimu, akapofuka mwaka huohuo. Mama, Maria, akashika kiwanda cha vioo ili watoto wale. Mwaka 1847 baba akafariki. Mwaka uliofuata kiwanda kikaungua. Maria akafunga safari na kijana wake mpaka Moscow, chuo kikuu kikamkataa. Wakasonga mpaka St. Petersburg, akapokelewa chuo cha ualimu mwaka 1850. Mwaka huohuo mama naye akafariki. Naam, wana elimu wenzangu, Mendeleev ni wa kwetu.

Sasa hiyo tasnifu. Chukua mililita 50 za ethanoli, ongeza mililita 50 za maji. Unategemea 100, sivyo? Unapata kama 96 au 97 hivi, na hakuna kilichomwagika. Leo tunasema kundi la OH la alkoholi hushikana na molekuli za maji kwa bondi za hidrojeni, zikapangana kwa kubanana zaidi. Bondi hizohizo ndizo zinafanya ethanoli ichemke kwenye nyuzi 78, wakati propani, yenye molekuli za uzito unaokaribiana nayo, huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Mendeleev hakuwa na maelezo hayo. Alikuwa na mizani na subira ya kupima tena na tena, akaona mchanganyiko unasinyaa zaidi alkoholi ikiwa karibu asilimia 46 ya uzito.

Vijiweni watakwambia ndiye aliyebuni vodka ya asilimia 40. Si kweli. Kiwango hicho kilikuwepo Urusi yeye akiwa bado mtoto.

Na lile jedwali la 1869? Lilizaliwa akiandika kitabu cha kemia kwa ajili ya wanafunzi wake, maana hakuona kilichomtosha kufundishia. Alifariki mwaka 1907. Basi jamani, tunaokwenda mazoezi ya kufundisha tukiona andalio la somo ni karatasi tu ya kumridhisha mkaguzi, tukumbuke kilichotoka kwenye maandalizi ya mwalimu huyu.