Kapiteni Joubert, Baba wa Jamaa

Léopold Joubert alizaliwa Ufaransa mwaka 1842, na katika ujana wake alikuwa askari wa Baba Mtakatifu huko Roma. Mwaka 1887 alifika Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika, nchi ya Katanga, awakinge watu na wauza watumwa. Wakulima na wavuvi walimkimbilia, akakaa nao Mrumbi.

Siku zile Wazungu wengi walikaa na wanawake bila ndoa, kisha wakawaacha pamoja na watoto. Joubert hakutenda hivyo. Mwaka 1888 alifunga ndoa ya Kikristu na Agnes Atakao, binti wa nchi ile. Vita vilipokwisha hakumwacha arudi kwao. Wana wao wawili wakawa mapadri. Joubert alikufa mwaka 1927, kule kule ziwani.