Irène Joliot-Curie: Kati ya Maabara na Serikali

Irène Joliot-Curie alizaliwa jijini Paris, Ufaransa, mwaka wa 1897. Wazazi wake, Marie na Pierre Curie, ndio waliogundua elementi ya radiamu. Baba aligongwa na mkokoteni wa farasi akafa Irène akiwa na miaka 8 tu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, binti huyu alimsaidia mamake kuendesha mashine za eksirei karibu na medani ya vita, ili madaktari waone risasi zilipokwama mwilini mwa askari. Kinga dhidi ya miale ile ilikuwa haba.

Mwaka wa 1926 aliolewa na mwanasayansi mwenzake, Frédéric Joliot. Walianza kwa kuteleza: mwaka wa 1932 majaribio yao yalionyesha dalili za nyutroni, lakini wakazifasiri visivyo, na James Chadwick wa Uingereza akatwaa sifa. Hawakuvunjika moyo. Miaka miwili baadaye waliipiga alumini kwa chembe za alfa. Walipoondoa chanzo cha chembe hizo, alumini iliendelea kutoa miale! Sehemu yake ilikuwa imegeuka kuwa fosforasi ya aina isiyopatikana katika maumbile. Kwa ugunduzi huo walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 1935.

Mwaka wa 1936 Waziri Mkuu Léon Blum alimteua Irène kuwa naibu waziri wa utafiti wa kisayansi. Zingatia kinaya hiki, mwanafunzi: alikuwa serikalini katika nchi ambayo mwanamke hakuruhusiwa hata kupiga kura. Haki hiyo ilikuja mwaka wa 1944. Irène alikubali wadhifa huo ili kuwafungulia wanawake mlango, kisha baada ya miezi michache akajiuzulu, akarudi maabarani. Wapo watakaomlaumu kwa kuondoka mapema. Lakini afya yake ilikuwa dhaifu kutokana na kifua kikuu, na moyo wake ulikuwa katika utafiti.

Baada ya Vita vya Pili alikuwa kamishna katika tume ya nishati ya atomu ya Ufaransa, hadi msimamo wake wa kisiasa ulipomponza mwaka wa 1951. Akademia ya Sayansi nayo ilimkataa kila alipoomba uanachama, kama ilivyomkataa mamake. Aliendelea kuomba, akijua jibu.

Alifariki mwaka wa 1956 kwa saratani ya damu, akiwa na miaka 58, maabara mpya aliyoipigania kule Orsay ikiwa bado haijakamilika.