Margaret Sanger: muuguzi aliyetafuta jeli ya uzazi wa mpango iwe mikononi mwa mwanamke

KINDU – Siku hizi, ukitaja uzazi wa mpango katika kituo cha afya, watu wanafikiria sindano, vidonge au vijiti vya mkononi. Kabla ya hivyo vyote kulikuwa na jeli, dawa nzito ya kuua mbegu za kiume, ambayo mwanamke alijiwekea mwenyewe ukeni. Mtu aliyeipigania kuliko wengine ni Margaret Sanger, Mmarekani aliyefariki mwaka wa 1966.

Alizaliwa mwaka wa 1879 katika mji wa Corning, jimbo la New York, mtoto wa sita kati ya kumi na mmoja. Familia ya namna hiyo haitamshangaza mtu hapa Maniema. Lakini mama yake alibeba mimba 18, akafa kwa kifua kikuu mwaka wa 1899 akiwa bado na watoto wa kulea. Margaret hakusahau hesabu hiyo.

Akawa muuguzi katika mitaa ya maskini ya New York. Aliwahudumia wanawake waliotoa mimba kwa siri, wengine wakifa. Walimuuliza jinsi ya kupumzika na uzazi, naye hakuwa na ruhusa ya kuwajibu: sheria ya mwaka wa 1873 ilihesabu habari za kuzuia mimba kuwa uchafu, na kuzituma kwa posta lilikuwa kosa. Mwaka wa 1914 alishtakiwa kwa sababu ya gazeti lake, akakimbilia Ulaya. Huko Uholanzi alijifunza jinsi ya kupima na kuweka kifuniko cha mpira kinachoziba mlango wa tumbo la uzazi.

Oktoba 1916 alifungua kliniki huko Brooklyn pamoja na dada yake, muuguzi pia. Baada ya siku kumi hivi polisi waliifunga. Margaret alihukumiwa kifungo cha siku 30.

Kifuniko peke yake hakikutosha, kwa sababu mbegu zinaweza kupita pembeni mwake. Hapo ndipo jeli ilihitajika, na mwaka wa 1920 Sanger alisafiri hadi Ujerumani kuitafuta. Kutengeneza jeli hiyo si kazi ndogo kama inavyoonekana. Ikiwa nyepesi sana, inatiririka na kutoka. Ikiwa nzito sana, haienei, na mbegu zinapata njia. Tena lazima iwe imefika kabla ya mbegu, maana mbegu zinaingia ndani ya mlango wa kizazi kwa dakika chache tu, na huko jeli haizifuati.

Mume wake wa pili, Noah Slee, alikuwa tajiri wa kiwanda cha mafuta ya mashine. Vifuniko vilipitishwa kwa magendo kutoka Kanada ndani ya mapipa yake ya mafuta. Mwaka wa 1925 alitoa pesa ili kianzishwe kiwanda cha kutengeneza vifuniko na jeli Marekani kwenyewe. Katika kliniki mpya ya Sanger, daktari Hannah Stone alifuatilia wanawake zaidi ya 1,000 waliotumia kifuniko pamoja na jeli ya asidi laktiki, ile asidi inayochachusha maziwa, na mwaka wa 1928 akatangaza matokeo. Uke una uchachu wake wa asili ambao mbegu haziuvumilii. Shahawa inaupunguza, asidi ya jeli inaurudisha. Mwaka wa 1936 mahakama iliruhusu madaktari kupokea vifaa hivyo kutoka nje.

Wakati huohuo Wabelgiji walikuwa wanafunga mlango hapa Kongo. Amri ya mwaka wa 1933 ilikataza kuuza na kutangaza vifaa vya kuzuia mimba, na ilibaki katika sheria za nchi muda mrefu baada ya uhuru.

Sanger ana doa ambalo halifai kufichwa. Aliunga mkono fikra za kuboresha kizazi cha binadamu, hata kukubali kwamba watu waliohesabiwa kuwa dhaifu wazuiwe kuzaa. Aliyetaka mwanamke aamue mwenyewe alikubali wengine waamuliwe.

Jeli nayo haikumtosheleza. Ikitumiwa peke yake, kati ya wanawake 100 karibu 21 hupata mimba ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo, akiwa mzee, alimshawishi mwanasayansi Gregory Pincus atafute kidonge, na rafiki yake Katharine McCormick akalipia utafiti. Kidonge kiliruhusiwa Marekani mwaka wa 1960.

Baada ya kifo chake, wengi walitumaini kwamba jeli ingezuia pia sida. Dawa iliyotumiwa, nonoksinoli-9, inapasua mbegu kama sabuni inavyokata mafuta. Utafiti wa Nairobi uliotolewa mwaka wa 1992 ulionyesha kwamba haikuwakinga wanawake, bali iliwaongezea vidonda. Mwaka wa 2000 jaribio lililofanywa Benin, Côte d'Ivoire, Afrika Kusini na Thailand lilionyesha kwamba walioitumia mara nyingi kwa siku waliambukizwa zaidi. Anayeogopa sida atumie kondomu, asitegemee jeli hiyo.

Mwaka wa 2020 Marekani iliruhusu jeli mpya isiyo na sabuni hiyo. Ndani yake mna asidi laktiki, ileile ya kliniki ya Hannah Stone. Mwaka huohuo kliniki moja ya New York iliondoa jina la Sanger mlangoni kwa sababu ya lile doa.

Kwetu, sheria ya afya ya Desemba 2018 inaruhusu uzazi wa mpango. Waliooana wanatakiwa kukubaliana juu ya njia. Wasipokubaliana, neno la mwisho ni la yule atakayeitumia.