Sidi Mubarak Bombay: Aliyeanza Safari Akiwa Mzigo

Wanachuo wenzangu, siku hizi ukigusia habari za usafiri hapa chuoni, mjadala wote unakwenda kwenye treni ya umeme. Kuna walioipanda tangu ilipoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, wanasimulia mpaka tunawaonea wivu. Sisi tunaotoka Kitahana, Kibondo, na majirani zetu wa Kasulu, bado tunahesabu siku ifike Kigoma. Nami nahesabu. Lakini wakati tunasubiri, nataka tumkumbuke mtu mmoja aliyekatiza nchi ya Waha kwa miguu mwaka 1871, reli ya kwanza ya Tanganyika ikiwa bado kuota hata kwenye karatasi. Anaitwa Sidi Mubarak Bombay. Kwenye vitabu vya shule tulikutana na Burton, Speke, Stanley na Cameron. Bombay aliwatembeza wote hao wanne.

Alizaliwa kwenye miaka ya 1820 hivi katika nchi ya Wayao, karibu na ulipo leo mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Alipokuwa na miaka kama 12, wafanyabiashara wenye bunduki walivamia kijiji chao. Akakamatwa, akatembezwa na wenzake hadi Kilwa, na huko akauzwa kwa kubadilishwa na nguo. Akapakiwa kwenye chombo, akavushwa bahari mpaka India. Hiyo ndiyo safari yake ndefu ya kwanza, na humo ndani hakuwa abiria. Alikuwa mzigo, kama pembe za ndovu.

Jina alilopewa na wazazi wake halijulikani. Hilo tunalomwita nalo ni la njiani: Sidi ni jina ambalo watu wa India ya magharibi waliwaitia Waafrika, Mubarak ni mbarikiwa, na Bombay ni ule mji ambao leo unaitwa Mumbai. Alikaa utumwani miaka mingi, hadi bwana wake alipofariki naye akaachwa huru. Akarudi Zanzibar, akaingia kwenye jeshi la Sultani, akapangiwa kambi moja upande wa Pangani.

Hapo ndipo Richard Burton na John Speke walipomkuta mwaka 1857. Walikuwa wakitafuta watu wa kwenda nao bara. Speke hakujua Kiswahili, lakini aliwahi kuwa askari India na alijua Kihindustani. Bombay naye alikijua, maana alikuwa amekijifunza utumwani. Basi Speke akisema kwa Kihindustani, Bombay anageuza kwa Kiswahili, na wapagazi wanasikia. Lugha aliyoipata kwa kuuzwa ikageuka kuwa ajira yake.

Sasa tuelewane jinsi usafiri wa wakati ule ulivyokuwa. Pwani hadi Ziwa Tanganyika hapakuwa na gari wala mkokoteni. Farasi na ng'ombe walikufa njiani kwa sababu ya mbung'o. Chombo pekee cha kutegemewa kilikuwa bega la mwanadamu. Mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na msafara ulikwenda mwendo wa saa chache kila siku kabla jua halijawa kali. Nusu ya mizigo yenyewe ilikuwa ndiyo pesa: nguo, shanga na waya wa kununulia chakula na kulipia hongo. Na hongo wakati huo haikuwa rushwa kama tunavyoijua leo. Ilikuwa ushuru wa kupita kwenye nchi ya mtu, kama unavyolipia kivuko. Mtu wa kupanga foleni, kugawa posho, kutuliza mgomo, kutafuta njia na kupatana na watemi, huyo ndiye aliyefanya safari iwezekane. Kazi hiyo ilimwangukia Bombay.

Februari 1858 msafara ule ulifika karibu na Ujiji. Burton alikuwa mgonjwa, miguu haimchukui, anabebwa kwenye machela. Speke macho yalikuwa yameuma mpaka karibu haoni. Juu ya kilima cha mwisho Burton aliona kitu kinang'aa kwa mbali, akamuuliza Bombay ni nini kile. Bombay ndiye aliyemwambia kuwa ni maji. Kwa hiyo ukiulizwa kwenye mtihani nani aligundua Ziwa Tanganyika, kumbuka kwamba wavuvi wa Ujiji walikuwa wamelizoea siku nyingi, na kwamba kati ya hao wageni wawili mmoja alikuwa juu ya mabega ya watu na mwenzake haoni vizuri. Agosti mwaka huohuo Bombay alikuwa tena na Speke kusini mwa ziwa la Nyanza, upande wa Mwanza.

Mwaka 1860 akaondoka na Speke na Grant. Wakapita Karagwe, wakakaa Buganda kwa Kabaka Mutesa, wakateremka na Mto Nile mpaka Misri, mwaka 1863. Kutoka huko alirudishwa Zanzibar kwa meli. Mwaka 1871 akachukuliwa na Henry Stanley aliyekuwa anamtafuta Livingstone, akafanywa mkuu wa askari wa msafara. Safari hiyo ndiyo iliyompitisha kwetu.

Njia ya kawaida kutoka Tabora ilikuwa imefungwa na vita vya Mirambo, kwa hiyo walizunguka kusini, wakatokea Mto Malagarasi. Watu na mizigo walivushwa kwa mitumbwi, punda wakaogeleshwa kwa kamba, na mamba akamvuta mmoja wao chini wanaona hivihivi. Ng'ambo ya mto walikuwa wameingia Buha, na hapo Waha waliwaonyesha kwamba njia ina wenyewe. Mtware mmoja aitwaye Mionvu alidai nguo 100. Wakabishana, Bombay akiwa katikati ya mazungumzo, mpaka zikashuka hadi 75. Mbele kidogo wakadaiwa tena, na wakaambiwa wapo wengine wanaosubiri. Ndipo walipomlipa mtu wa kuwaongoza, wakaondoka usiku, wakapita porini nje ya njia kuu kimyakimya, siku kadhaa, hadi wakaingia Ujiji na kumkuta Livingstone.

Hapo pananifikirisha sana. Nguo ndiyo aliyouziwa Bombay akiwa mtoto kule Kilwa. Miaka kama 40 baadaye amesimama Buha anahesabu nguo zilezile, sasa yeye ndiye anayepatana bei ya njia. Safari hii alikuwa anaendesha msafara.

Lakini tusimpambe kupita kiasi. Heshima aliyoipata njiani ilikuwa na kikomo. Speke alimpiga, Stanley naye alimpiga, halafu Stanley akaandika kumlaumu kuwa mvivu na msumbufu. Hatuna kitabu cha Bombay cha kujibu. Hata hivyo mwaka 1873 alikwenda tena, na Cameron. Wakiwa Tabora walikutana na akina Chuma na Susi waliokuwa wanaupeleka mwili wa Livingstone pwani, mabegani vilevile. Cameron na Bombay wakaendelea mbele, wakapita Ujiji, wakavuka ziwa, wakaingia Kongo, na Novemba 1875 wakatokea Benguela, pwani ya Angola. Ameivuka Afrika bahari hadi bahari. Mwaka 1876 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kikampa nishani ya fedha na pensheni. Inakadiriwa kuwa katika maisha yake alitembea zaidi ya kilomita 9,000. Alifariki mwaka 1885.

Najua kuna wenzetu watakaosema, sasa huyu si alikuwa kibaraka tu? Hoja ina uzito. Safari zile zilizaa ramani, na mwaka huohuo wa 1885 mkutano wa Berlin ulikuwa umemalizika na Mjerumani ameanza kuitwaa Tanganyika. Mimi nasema hivi: mtoto aliyechukuliwa kwao na miaka 12 hakuwa na nchi ya kuisaliti wala ya kurudia. Alikuwa na miguu, lugha na busara ya kuishi na watu, akaviuza kwa ujira badala ya kuuzwa yeye. Walioigawa Afrika walikuwa na majina na saini zao, tuwadai hao.

Tena angalia kilichofuata. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Meli tunayoiita Liemba ilisafirishwa kutoka Ujerumani vipandevipande na kuungwa Kigoma. Mabega ya wapagazi yakapumzika. Lakini je, sisi tulikuwa abiria? Wakoloni waliifanya Kibondo na Kasulu kuwa ghala la vibarua. Vijana wa Kiha walikusanywa na kupelekwa kwenye mashamba ya mkonge, Tanga na kwingineko, wakaitwa manamba kwa sababu waliandikwa kwa namba. Chombo kilikuwa kipya kabisa, lakini mtu alikuwa amerudishwa kwenye orodha ya mizigo, na jina lake limebaki nyuma kama la yule mtoto wa Kiyao.

Ndiyo maana nasema maisha ya Bombay yanatupa kipimo kizuri kuliko mwendo wa treni. Leo barabara ya lami imetufikia, basi linaondoka Kibondo alfajiri, bodaboda inakufikisha mpaka mlangoni. Kesho treni ya umeme nayo itafika Kigoma, na watakaokuja baadaye watapanda vitu ambavyo hatuvijui. Kila kimoja kikija tukiulize maswali ambayo Bombay angeyaelewa. Mkulima wa maharage na mihogo wa Kitahana atapanda kwenda kuuza mazao yake kwa bei anayopatana mwenyewe, au yatapanda mazao na yeye abaki kituoni? Kijana wa Kasulu atakayejenga hiyo reli ataandikwa kwa jina au kwa namba?

Na kwa wale wa Historia mnaotafuta mada ya utafiti, mtu mmoja huyo hapo. Ameivuka Afrika kwa miguu, ameliona ziwa letu kabla Speke hajaweza kuliona, na amebishana bei ya njia na wazee wetu wa Buha. Msimweke kwenye tanbihi.