Joseph O'Dwyer

Joseph O'Dwyer (Cleveland, Ohio, 12 Oktoba 1841 – New York, 7 Januari 1898) alikuwa daktari wa Marekani. Anakumbukwa hasa kwa kubuni mirija iliyopitishwa kinywani hadi kwenye zoloto la watoto waliokuwa wakikosa hewa kutokana na ugonjwa wa dondakoo. Njia yake iliwezesha kufungua njia ya hewa bila kumkata mtoto shingo. Ni mojawapo ya hatua zilizotangulia utaratibu unaotumika leo kuwasaidia watoto wachanga wasioweza kupumua wenyewe.

Maisha ya awali

O'Dwyer alizaliwa Cleveland, lakini alikulia na kusoma karibu na London, mji wa Ontario nchini Kanada. Alianza kujifunza utabibu kama mwanafunzi wa daktari mmoja wa huko, kisha akaenda New York kusoma katika Chuo cha Waganga na Wapasuaji, alikohitimu katikati ya miaka ya 1860.

Baada ya kuhitimu alifanya kazi katika hospitali ya maskini kwenye kisiwa cha Blackwell, ambacho leo huitwa Roosevelt. Kipindupindu kilipozuka, alijitolea kuwahudumia wagonjwa na mwenyewe akaambukizwa, lakini akapona. Mwaka 1872 alijiunga na nyumba ya watoto waliotupwa ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1869 na masista wa Upendo. Hapo ndipo alipofanya kazi yake kubwa.

Tatizo la dondakoo

Dondakoo husababishwa na bakteria. Sumu yake hudhuru moyo na neva, na katika koo hutokea utando mzito wa rangi ya kijivu. Utando huo ukishuka hadi kwenye zoloto, njia ya hewa huziba. Kwa mtoto mdogo, ambaye njia yake ya hewa ni nyembamba, kuziba huko kunaweza kuua kwa muda mfupi huku akipigania pumzi akiwa na fahamu zake.

Wakati huo tiba pekee ya kuziba huko ilikuwa kupasua shingo na kutoboa njia ya hewa chini ya zoloto. Wazazi wengi waliogopa kisu, hivyo upasuaji mara nyingi ulicheleweshwa hadi mtoto akawa mahututi. Hata ulipofanyika mapema, wengi walikufa. Katika nyumba alimofanya kazi O'Dwyer, watoto waliishi kwa wingi pamoja, na ugonjwa ulisambaa upesi kutoka kitanda hadi kitanda.

Mwaka 1858 daktari Mfaransa Eugène Bouchut alikuwa amependekeza mjini Paris kuingiza mrija mfupi wa chuma katika zoloto. Armand Trousseau, tabibu mashuhuri aliyetetea upasuaji wa shingo, alimpinga, na pendekezo hilo likaachwa.

Majaribio

O'Dwyer alianza majaribio yake mnamo mwaka 1880. Ili kujua umbo na vipimo vya zoloto la mtoto, alichunguza maiti za watoto waliokufa katika nyumba hiyohiyo. Kifaa chake cha kwanza kilikuwa na vipande viwili vya chuma vilivyoachana kidogo. Hakikufaa, kwa sababu nyama iliyovimba na utando vilijipenyeza katika nafasi iliyokuwa kati ya vipande hivyo na kuziba tena njia.

Ndipo akatumia mrija mzima usio na ufa. Hata huo ulileta matatizo mapya: mtoto alipokohoa, mrija ulitoka, ulipokuwa mrefu au mnene kuliko ilivyofaa, ulisababisha vidonda. Wagonjwa wake wa kwanza walikufa. O'Dwyer alibadilisha umbo mara nyingi kwa miaka kadhaa. Hatimaye mrija wake ulikuwa bapa kiasi ubavuni kufuata umbo la zoloto, ukiwa na kichwa kilichouzuia usizame na uvimbe katikati uliouzuia usitoke kwa kikohozi. Alitangaza njia yake katika jarida la kitabibu la New York mwaka 1885.

Vifaa na matumizi yake

Seti ya O'Dwyer ilikuwa na mirija ya ukubwa mbalimbali, kipimo cha kuchagulia mrija kulingana na umri, chombo cha kuingizia, chombo cha kutolea, na kabari ya chuma ya kuzuia kinywa kisifungwe.

Mtoto alifungwa kwa shuka au blanketi na kuketishwa wima mapajani mwa muuguzi, huku msaidizi akishika kichwa. Daktari hakuwa na taa wala kioo cha kuonea ndani. Aliingiza kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hadi nyuma ya ulimi, akakigusa na kukiinua kidakatonge, yaani kifuniko kidogo kinachokinga njia ya hewa wakati wa kumeza. Kisha kwa mkono wa kulia aliteleza mrija kando ya kidole hicho hadi ndani ya zoloto. Kosa dogo lingeupeleka mrija katika umio, yaani njia ya chakula, na kila sekunde mtoto alikuwa hana hewa. Kwa hiyo O'Dwyer alisisitiza kwamba daktari afanye mazoezi kwanza kwa maiti.

Uzi uliofungwa kwenye kichwa cha mrija uliachwa ukining'inia nje ya kinywa ili mrija uvutwe haraka ukikosea njia. Mtoto alipokohoa na sauti ya hewa ikasikika ndani ya chuma, daktari alijua kwamba mrija umefika. Mara nyingi mtoto alitulia na kupata usingizi. Uzi uliondolewa, na mrija ukabaki kwa siku kadhaa. Kulisha kulikuwa kugumu, kwa kuwa vinywaji vilipenya kwenye njia ya hewa. Hivyo wauguzi walijifunza kutoa vyakula vizito kidogo au kumlisha mtoto akiwa amelazwa kichwa chini ya usawa wa mwili.

Kuenea kwa njia yake

Mwanzoni madaktari wengine waliitilia shaka njia hiyo, lakini ilienea Marekani na kisha Ulaya, ambako János Bókay wa Budapest alikuwa miongoni mwa walioitumia sana. Katika miaka ya 1890 ilipatikana dawa ya kuzuia sumu ya dondakoo. Mrija ulimpa mtoto nafasi ya kuishi hadi dawa ifanye kazi, na dawa ilipunguza siku za kukaa na mrija.

O'Dwyer aliunganisha pia mrija wake na mvukuto uliotengenezwa na George Fell wa Buffalo kwa ajili ya kuwapulizia hewa watu walioacha kupumua, kwa mfano kutokana na sumu ya afyuni. Baadaye kifaa cha Fell na O'Dwyer kilitumika pia katika upasuaji wa kifua.

Umuhimu wake kwa watoto wachanga

Leo dondakoo huzuiwa kwa chanjo, na mirija ya O'Dwyer imebaki katika makumbusho. Hata hivyo wazo la kufikia njia ya hewa kupitia kinywani bila kisu linaendelea kutumika katika vyumba vya kujifungulia na wodi za watoto njiti.

Nafasi ya kidole imechukuliwa na laringoskopu, chombo chenye taa na ulimi wa chuma. Kwa watoto wachanga hutumika zaidi ulimi ulionyooka wa aina iliyobuniwa na Robert Miller katika miaka ya 1940, ambao huweza kukiinua kidakatonge moja kwa moja, kama alivyofanya O'Dwyer kwa kidole. Mrija wa sasa ni wa plastiki laini na hupita zoloto hadi ndani ya trakea. Ukubwa wake huchaguliwa kwa uzito: kipenyo cha ndani cha milimita 2.5 kwa mtoto wa chini ya kilo 1, milimita 3 kwa kilo 1 hadi 2, na milimita 3.5 kwa aliyezidi hapo. Jaribio moja halipaswi kuzidi sekunde 30, na likishindikana mtoto hupewa kwanza hewa kwa barakoa.